Nywele Kwenye Chujio

"Kipini cha pua ni kidogo kuliko matundu haya, baba," Mwatumu alimwambia bila kuzunguka. "Kimeshapita."

Mzee Shekuwe alisimama kando ya chujio la maji taka, kofia mkononi. Jana, baada ya arobaini, alifua kitambaa cha kichwa cha mkewe na kumwaga maji chooni. Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba marehemu alikuwa amekichomeka kipini chake humo, siku pua ilipovimba.

"Kitambaa kilikuwa na nywele?"

"Nyingi. Dawa zilimnyonyoa."

Mwatumu akainama kulitazama chujio. Miaka kumi na mmoja ya kusimamia mtambo huu alikuwa akizilaani nywele. Ndizo zilizoziba matundu, zikajisokota kama kamba na kunasa kila kitu, hata mbegu za nyanya.

Akazima mtambo.

"Tuna robo saa kabla maji hayajafurika. Vaa glavu. Na usinililie humu, utaniambukiza."

Wakakaa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, wakichambua fundo baada ya fundo. Maji yalizidi kupanda nyuma ya chujio. Mara mikono ya mzee ikatulia. Alishika fundo la mvi, ncha zake zingali na wekundu wa hina.

"Hizi zake," alisema.

Mwatumu hakutazama saa. Alivuta mpira wa maji, akaufungulia kidogo tu, kama anayemwogesha mtoto mchanga, na mzee akaanza kulifungua lile fundo, unywele mmoja mmoja.