Garantii ya Giaboksi

"Mwenye kadi anasema hajawahi kukanyaga gereji yako," ofisa wa benki alirudia kwenye simu. "Bila ushahidi, malipo yanarudi kwake leo."

Mwenye gereji alikwangua grisi iliyokauka kwenye ukucha wa kidole gumba. Giaboksi aliyoifunga kwenye gari la mteja huyo aliichukua kwa mkopo, akaweka rehani mashine yake ya kunyanyulia magari. Malipo yakirudi, mashine itaondoka.

Hapo gari lenyewe likaingia getini, mwenye kadi akiwa kwenye usukani.

"Usikate," alimnong'oneza ofisa. Akabonyeza spika, akailaza simu juu ya meza ya vifaa.

Mteja alishuka amenuna. "Dada, hii giaboksi mliyonifungia inavuma. Si mlisema ina garantii?"

"Ndiyo, kaka. Ila garantii ina jina la mtu. Nikumbushe lako."

Akataja majina yake yote matatu, na hasira zikampanda. "Nililipa kwa kadi hapahapa, mbele yako! Leo mnajifanya hamnijui?"

Fundi, shemeji yake mwenye gereji, aliacha kukaza nati chini ya gari jingine. "Makubwa haya," alisema. "Madogo yana nafuu."

 Mwenye gereji akamsogezea mteja kiti.

"Tunakujua sana, kaka. Kaa. Kuna mtu alikuwa anataka mno kusikia hilo."

"Nimesikia, dada," simu ikajibu kutoka mezani.