Alama ya Mama

Karani wa mikopo ya nyumba alieleza kwa upole: mwenye wategemezi hukatwa theluthi tu ya mshahara, asiye nao hukatwa hadi nusu. Mbaruku akapiga hesabu kichwani. Theluthi ingempa vyumba viwili kule bondeni. Nusu ingempa ile nyumba ya mtaa wa juu, yenye geti jeusi, jirani na wakubwa wake wa kazini.

Pembeni yake alikaa mama yake, Bi Mwanahawa, kajifunga leso mpya. Alikuja kuwa shahidi wa familia. Chakula chake, dawa zake za presha na kodi ya chumba chake, vyote vilitoka kwenye mshahara huohuo.

Kwenye fomu, penye neno Wategemezi, Mbaruku aliandika: Hakuna. Herufi sita tu.

Karani alisoma, akamtupia mama jicho, kisha akajitia hamnazo. Akasogeza wino.

“Hapa, mama.”

Bi Mwanahawa hakujua kusoma. Alikandamiza kidole gumba chini ya neno lile, akaitazama alama yake kwa furaha.

“Na mimi umeniandika wapi, mwanangu?”

Mbaruku hakuinua uso. “Hapo juu, mama. Juu ya kidole chako.”

Karani alimpa karatasi ajifute wino. Bi Mwanahawa akakataa. Alitoka nje kainua kidole chake juu, wino usije ukafutika kabla majirani hawajauona.