Mrehani wa Mize

Siku hizo kila bibi harusi alipewa mche wa mrehani uliofundishwa kusoma homoni. Majani yake yalinywewa kama chai ya kuuandaa mwili ushike mimba, na mimba ikitunga nyumbani, mti ulichanua na maua yakamwelekea mwenye mimba.

Wa Mize ulikaa dirishani miaka bila ua. Kila asubuhi mama mkwe wake, Bi Kazija, alichemsha majani, akaonja kwanza kama desturi inavyomtaka mkwe, ndipo akampa kikombe.

Asubuhi moja Mize aliamka akakuta dirisha zima jekundu kwa maua.

"Mama, njoo uone."

Bi Kazija alikuja, kichwa chote mvi. Maua yakageuka taratibu, yote, yakamtazama yeye. Mize alisogea karibu, lakini hakuna hata moja lililomfuata.

"Mimi nilikuwa naonja tu, mwanangu," alisema Bi Kazija, mkono tayari uko tumboni.

Uani baba mkwe alikuwa akipasua kuni huku akiimba, hana habari. Mize alitaka kulia, akajikuta amepiga magoti, sikio lake kwenye tumbo la Bi Kazija, anasikiliza.