Bega la Baba Rehani

Tangu kila mwanamume apangiwe zamu ya kulinda ukuta wa mji, Siwatu alikuwa akimkanda mumewe bega kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Bunduki fupi za zamani zilisukuma kwa nguvu. Alama nyekundu begani ilimwambia kilichotokea huko, naye hakuuliza.

Mwezi huu walinzi wamepewa bunduki mpya. Chuma cha ndani kinameza msukumo wote, na mlio wake hauzidi kikohozi.

Asubuhi, mumewe alipotoka zamu, Siwatu akalipapasa bega. Lilikuwa laini, halina hata wekundu.

“Leo hukufyatua, Baba Rehani?”

Mumewe akaitazama mikono yake.

“Sijui, mke wangu. Siku hizi mtu hahisi kitu. Ila magazini ya risasi nimeirudisha tupu.”