Faili la Doto

Mlio wa kishikwambi ulisikika uani kabla nesi Sikudhani hajatokea. Nyamizi alitoka mbio akiwa amembeba Doto, mtoto akiwaka homa ileile iliyommaliza pacha wake, Kulwa, mwezi uliopita.

Nesi alipitisha kishikwambi juu ya bangili ya mtoto. "Mfumo unasema huyu ni Kulwa. Aliyekufa ni Doto."

"Mfumo wenu ulimnyonyesha lini? Niliwavua bangili kuwaogesha, nikamvisha kila mmoja ya mwenzake!"

"Nakuamini, mama. Lakini faili likishafungwa kwa kifo halifunguliwi tena, na asiye na faili hapewi dawa. Tamka kwamba huyu ni Kulwa, nimchome sindano sasa hivi. Ila atabaki Kulwa maisha yake yote."

Nyamizi aligeuka akalitazama kaburi dogo nyuma ya jiko.

"Huyu ni Kulwa," akakiambia kishikwambi.

Sindano ikaingia, mtoto akalia. Nyamizi akamkumbatia, machozi yakimdondokea mtoto utosini.

"Ndani ya nyumba hii nitakuita Doto mpaka nife," alimwambia kwa sauti, nesi akisikia. "Na ndugu yako nitamlilia kwa jina lake, hata wakisema yu hai."