Tembo Akienda Kutoa Pole

Wajukuu, Tembo alikuwa na adabu mno, hakukosa msiba. Ila pole haitolewi mlangoni: sharti uingie, uketi mkekani. Naye akiingia, nyumba imekwisha.

Basi Kicheche alimla Kuku vifaranga, akabakiza kimoja. Kuku akamwendea Tembo akilia.

“Babu, nimefiwa na wanangu!”

“Masikini! Naja kwako sasa hivi.”

“Kwangu hapana, babu. Wanangu wako kwa Kicheche. Matanga ni huko.”

Tembo akaenda, akabisha hodi, akajipenyeza, akaketi. Nyumba kwisha! Kicheche akachomokea nyuma, mkia juu, akitimka kuhama kijiji.

Tembo akampigia kelele, “Ndugu yangu, na pole ya nyumba pia! Ukijenga nyingine uniite, nije nikae!”