Bangili ya Raya

Siku hizi hospitali haisikilizi mdomo wa mtu, inasikiliza bangili ya kupimia presha. Huletwa nyumbani mimba ikijulikana, na ikishafungwa mkononi haivuliki mpaka siku ya kujifungua. Presha ikipanda, gari la wagonjwa linakuja lenyewe na mjamzito analazwa miezi. Bi Mgeni hakutaka mkwewe Raya akalale ugenini, basi akaivaa yeye, akijisifu kuwa presha yake ni ya kisichana.

Leo, mimba ina miezi minane, Raya ameamka amevimba uso. "Mama, kichwa kinapasuka. Naona vimulimuli."

Bi Mgeni akapiga simu hospitali. Mashine ikamjibu kwa upole, "Presha ya Raya ni nzuri. Apumzike."

"Bangili ninayo mimi," akaungama.

"Presha ya Raya ni nzuri."

Aliivuta mpaka mkono ukachubuka. Mwisho akajifunga kanga kiunoni, akaanza kukimbia kuzunguka ua na miaka yake sitini na saba, angalau presha ipande, gari lije. Alikimbia akilia, mpaka bangili ikatoa sauti. Akasimama kuisikiliza.

"Hongera, Raya. Mazoezi ni mazuri kwa mtoto."

Ndani, kitanda cha Raya kilikuwa kikitikisika kwa degedege. Kisha kikatulia.